Kamati Imeonja

Aliyesema biashara ya chakula haina hasara eti kwa sababu watu lazima wale, aje hapa Tabata anione. Mke wangu anapika. Pilau lake likifunuliwa tu, majirani wote wanakumbuka kuja kutusalimia. Mimi kazi yangu ni kutafuta tenda. Meneja masoko, ndiyo cheo nilichopewa. Mshahara bado.

Mwaka huu wenyewe sasa, 2026! Jumatano ya Majivu na Ramadhani zimeingia wiki moja. Wa kanisani hawaoi, wa msikitini hawaoi. Mimi na masufuria tunatazamana.

Nikasema basi, niende serikalini. Nikanunua bahasha za kaki, zile kubwa. Dogo wa steshenari akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee, tenda zote ziko mtandaoni, kwenye mfumo wa NeST, tangu 2023!" Mimi nitajuaje? Akaniuliza TIN, ninayo. Leseni, ninayo. Mashine? Nikamwambia ipo, inasaga nyama mpaka kilo kumi. Kumbe anaulizia ya risiti. Akahudumia mteja mwingine.

Pasaka ikapita, nikaunganishwa na kamati ya harusi. Unazijua kamati zetu: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, utadhani wanaunda serikali. Wakasema, lete tuonje. Nikajua watu wawili watatu, kijiko hapa, kijiko pale. Weee! Kamati nzima hiyo hapo. Kuna mjomba kaja na watoto. Mwenyekiti akaonja paja. Akasema moja halitoshi kutoa maamuzi, akaonja la pili. Katibu akaomba afungiwe, akamwonjeshe mama yake Kibaha. Nimesimama na upawa, shati la kuazima, jasho mpaka kwenye soksi, natabasamu tu. Mtoto mmoja akaniita, "Wewe, leta maji." Nikaleta.

Sufuria lilipobaki ukoko, mweka hazina akajifuta mdomo. "Kaka, mmepika. Hongereni sana. Ila ukumbi tuliolipia una mpishi wake. Ukileta wa nje, wanakuchaji."

Sasa hilo si walilijua toka asubuhi? Nikasema asante. Sijui nilikuwa nashukuru nini. Nikabeba masufuria yangu hadi kwenye bajaji. Upawa nikausahau, na sirudi kuufuata, nitaambiwa nioshe vyombo.

Nyumbani mke wangu kanikuta mlangoni. "Wamesemaje?" Nikamwambia wamesema tumepika. "Kianzio?" Nikajifanya nimepigiwa simu.

Na simu kweli ikaita! Meseji. Nimeunganishwa kwenye grupu la WhatsApp la harusi yenyewe. Moyo ukaruka, nikajua wamebadili mawazo, ukumbi umekubali. Nikafungua mbele yake kabisa, kwa mbwembwe. Ni orodha ya michango. Namba ishirini na saba: "Kaka wa Pilau, ahadi 100,000, bado." Na mweka hazina kaweka namba ya kutuma.