Tutakupigia

Ukitaka kujua mtaani kwenu kuna washauri wangapi, tangaza kwamba umeitwa kwenye usaili. Mimi niliwaambia watu wawili tu, mke wangu na fundi viatu, lakini hadi magharibi nyumba nzima tunayopanga hapa Kimara ilikuwa na la kuniambia. Aliyeongea kuliko wote ni jirani wa chumba cha mwisho, ambaye tangu nimfahamu sijamwona akienda kazini. Ingia kwa kujiamini, akasema. Mtazame mtu machoni. Toa mkono wenye nguvu. Na maji watakayokupa usinywe.

"Kwa nini nisinywe?"

"Wanakupima."

Koti nilipata mtumbani Karume kwa 15,000, baada ya kutajiwa 40,000 na kujifanya naondoka. Koti zuri, kasoro aliyelivaa kabla yangu alijaliwa mabega. Ndani ya mwendokasi nililiinua juu lisikunjike, na kuanzia Ubungo hadi Posta ya Zamani kwapa langu lilikuwa usoni kwa mama mmoja. Angekuwa kwenye jopo yule, ningekuwa nimeshafeli.

Getini mlinzi akanisukumia kitabu cha wageni. Kwenye safu ya "sababu ya kuja", aliyewahi aliandika "Usaili". Wa pili akaweka vile vialama viwili vya kurudia, wa tatu naye akaweka, vikateremka ukurasa mzima kama manyunyu. Nikahesabu. Mimi nilikuwa wa 43, na nafasi yenyewe moja.

"Bado wengine wanakuja," mlinzi akanifariji.

Barua ilitutaka tufike saa mbili kamili asubuhi. Niliitwa saa nane na robo mchana.

Sasa hapa nina ugomvi na hawa washauri. Wote wanahubiri mkono na macho. Hakuna anayekwambia ufanyeje ukikuta katikati ya meza amekaa mama wa rika la mama yako mzazi, miwani imeshuka puani, anakutazama kama mkwe aliyesikia mambo yako. Wengine tulilelewa kwamba ukimkodolea mtu mzima macho huna adabu, na mkono hutoi mpaka yeye autoe. Mkono wangu ukaanza safari, ukasita njiani. Goti likajikunja lenyewe. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Shikamooni!"

Jopo zima la watu watano. Mwisho wa meza alikuwepo kijana wa rasilimali watu, ambaye kwa kumkadiria nimempita miaka minane. Wenzake waliitikia kwa kunung'unika. Yeye akaegemea kiti, akaachia ile ya kushiba: "Marahabaa!"

Jamani, mtu ukishampa shikamoo, mdomo wa kumdai milioni moja na nusu unautoa wapi? Alipouliza natarajia mshahara kiasi gani, nikajibu, "Chochote mtakachoona kinafaa." Akaandika haraka sana.

Wakauliza udhaifu wangu. Nikatoa jibu nililokariri: napenda kazi kupita kiasi. Mama akapekua karatasi zake, akaweka alama ndogo pembeni.

"Na wewe wa 29," akasema.

Maji sikunywa. Koo lilikauka mpaka jina la chuo nilichosoma likatoka vipande vipande. Wakaniambia, "Tutakupigia."

Wanaosema usaili unaisha ukifunga mlango hawajawahi kusailiwa. Nililala na simu, nikaoga nayo ikiwa juu ya dirisha. Kila namba ngeni niliipokea kwa sauti ya ofisini, ile ya kutokea tumboni. Siku ya tatu akapiga tapeli, eti amekosea kutuma pesa zikaja kwangu. Nikamshukuru kwa kunipigia, nikamwambia niko tayari kuanza wakati wowote. Tapeli akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa huruma kabisa, "Kaka, uko sawa lakini?"

Shemeji yangu ndiye aliyenimaliza. Akasema siku hizi watu makini hutuma barua pepe ya shukrani baada ya usaili. Nikanunua bando, nikaandika nusu usiku, nikaweka "unyenyekevu" mara mbili, nikafungua ile barua yao ya wito nikabonyeza kujibu. Kumbe walitualika wote kwa barua moja, anwani zimeanikwa kama dagaa, na mimi nimebonyeza kuwajibu wote.

Asubuhi nikakuta majibu 19. La kwanza: "Amina." La pili: "Na mimi naungana na mwenzangu." Mmoja akauliza kama nauli inarudishwa. Mwingine akaona tusipoteane, akafungua kundi la WhatsApp akaliita Familia ya Usaili.

Leo ni wiki ya sita. Ofisini kimya, hata ile ya "tunasikitika kukujulisha" haijaja. Ila kwenye kundi aliyesailiwa wa 17 anaoa mwezi ujao, na kwa kuwa barua yangu iliwagusa wengi, nimepitishwa bila kupingwa kuwa katibu wa kamati ya harusi. Kadi ya mchango imeshanifikia: singo 50,000, dabo 100,000. Mweka hazina amenipigia mara tatu tangu asubuhi kwa namba tofauti, na zote tatu nimepokea kwa ile sauti ya tumboni.