Jinsi ya Kulea Mmea kwa Kuunyima

Ukitaka kukuza drosera nyumbani, kwanza izuie mikono yako. Mbolea ibaki stoo, samadi mpe jirani, na maji ya kuoshea mchele yaendelee kwenda kwenye mawaridi. Mmea huu umezaliwa katika ufukara. Huota vinamasini, penye udongo wenye naitrojeni kidogo mno, ndiyo maana ukageukia kula wadudu. Ukiushibisha mizizini, unauchoma.

Wapo wanaoudhani mgeni wa ng'ambo. Drosera madagascariensis ni mwenyeji wa Afrika, na Tanzania na Uganda ni kwao. Jani lake limejaa vinywele vyekundu, kila kimoja kikiwa na tone la ute linalometa kama umande. Mdudu akitua, ananasa. Vinywele vya pembeni humwinamia na kumkandamiza, kisha vimeng'enya humyeyusha na jani likamfyonza. Charles Darwin alivutwa na jambo hilo hata sehemu kubwa ya kitabu chake cha mwaka 1875 kuhusu mimea inayokula wadudu ikawa ni habari za drosera. Alizilisha nyama mbichi na ute wa yai, lakini yeye alikuwa anachunguza. Wewe acha nyama kwenye sufuria: jani huoza. Weka chungu barazani, mmea ujilishe wenyewe kwa vidudu vidogo.

Maji ndiyo mtihani mkubwa. Ya bomba na ya kisima mara nyingi yana chumvi nyingi, na kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa mvuke huondoka na chumvi ikabaki. Tumia maji ya mvua. Masika yakija, jaza madumu na uyafunike. Maji hayo yakiisha, nunua maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea kwenye betri za magari. Soma chupa kwa makini usije ukabeba asidi. Weka chungu chenye matundu ndani ya sahani yenye kina cha maji cha sentimita 1 au 2, udongo usikauke kamwe.

Sasa hapo kwenye sahani mbu watataga. Imwage na kuisugua kila baada ya siku 4, kisha jaza upya. Na kama umeununua mmea huu ukitarajia ukulinde na malaria, tundika chandarua leo hii: mbu utakaowanasa ni wachache mno.

Udongo uwe piti, ule mwepesi wa kahawia unaotumiwa kuoteshea miche, usiotiwa mbolea, uchanganywe na mchanga uliosuuzwa mpaka maji yatoke meupe. Mchanga wa ufukweni usiuguse. Jua la asubuhi linafaa sana. Drosera iliyofichwa kabatini kwa ajili ya urembo hufifia wekundu na kukaukiwa ute. Jani la zamani likigeuka jeusi, usihamaki, likate tu.

Usiende kinamasini na jembe. Omba mbegu kwa mwenye nazo: ni ndogo mno, zinyunyize juu ya udongo bila kuzifukia, maana huhitaji mwanga ili ziote. Vinamasi vyetu vinakaushwa kwa mashamba na kufukiwa kwa nyumba, na drosera haina pengine pa kuhamia. Ukizikuta huko, piga magoti uzitazame, kisha uziache palepale.