Niliyokwisha Kuyamwaga Nayo Niyalipie?

Wamepita mtaani kwetu vijana wenye madodoso na lugha laini. "Shikamoo mzee. Kaya yako iko tayari kuchangia shilingi ngapi kwa mwezi ili majitaka yasafishwe?" Hilo nalo la kumuuliza mtu anayekunywa kahawa yake kibarazani! Maji safi yenyewe nayalipia kwa kununa. Leo nilipie na niliyokwisha kuyamwaga?

Mpangaji kama mimi husema choo ni cha mwenye nyumba. Mwenye nyumba husema mtaa ni wa serikali. Serikali husema usafi ni jukumu la kila mwananchi. Basi mpira umerudi kwa mpangaji.

Wala tusisingizie umaskini. Mchango wa harusi tunatoa, sare tunashona, bando la kufuatilia Simba na Yanga halikatiki. Likitajwa karo la choo, ghafla hali ni ngumu.

Hapa Dar es Salaam nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba la majitaka; kila mtu na shimo lake. Likijaa unaita gari la kunyonya, na dereva anakutajia bei baada ya kulitazama geti lako. Mzigo ukifika mabwawa ya Vingunguti, jua na bakteria huuchakata taratibu. Nadhani hao ndio watumishi pekee jijini wasiodai posho.

Jirani yangu wa mwinuko wa juu hana shida na gari. Yeye husubiri masika. Wingu likikaza, anatapisha choo, na mvua inausomba mzigo bure, unapita mlangoni kwangu ukielekea Mto Msimbazi. Asubuhi ananiamkia kwa heshima zote: "Shikamoo mzee, poleni na mvua."

Na tusijifanye hatujui kulipa. Kipindupindu kilipolipuka jijini mwaka 2015, nani aliomba apunguziwe bei ya bajaji ya kumkimbiza mgonjwa usiku?

Nikawaambia vijana: andikeni kwamba niko tayari, tena vizuri tu, ila si kwa majitaka yangu. Yangu hayanisumbui, yameshateremka. Nitalipia ya jirani wa juu, naye alipie ya aliye juu yake, hivyo hivyo mpaka kileleni.

Kijana akapiga hesabu, akauliza: "Sasa yule wa kileleni, asiye na mtu juu yake, atalipa nini?"

Hatalipa kitu. Huyo ndiye mwenye nyumba wangu.