Hedifoni ya Kwanza ya Maana: Mwongozo kwa Mwenye Masikio Mawili na Mfuko Mmoja

Biashara ya hedifoni huwaliza watu wa aina mbili. Wa kwanza hununua ya bei ya chee, upande mmoja unakufa, anajifunza kuukunja waya kwa kidole ili sauti irudi, kisha ananunua nyingine ileile. Wa pili huingia kwa kishindo: hedifoni ya mamilioni, amplifaya, waya unaong'aa kama kidani cha bibi harusi, halafu anasikiliza wimbo uliotumwa na kutumwa tena kwenye WhatsApp mara ishirini. Wote wawili wanapenda muziki, na wote wawili wanadhulumiwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, nao una neno moja tu: weka pesa kwenye hedifoni inayofaa mahali unapoishi, na vifaa vingine vifuate pale tu hedifoni hiyo inapovihitaji.

Hatua ya 1: Jua utaivalia wapi

Kabla ya kuuliza bei, angalia chumba chako. Hedifoni za kufunika masikio ni za namna mbili kubwa. Ya kwanza ina mgongo wazi: nyuma ya spika kuna matundu au wavu, hewa inapita, na ala zinasikika kama zimepewa nafasi ya kukaa. Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997, ni ya jamii hii, na hadi leo mafundi wa sauti huitumia kupima nyingine. Ya pili ina mgongo uliofungwa, inazuia kelele za nje zisiingie na wimbo wako usitoke. Humo zimo Sony MDR-7506 ya mwaka 1991, ambayo imezoeleka sana katika studio za redio, Beyerdynamic DT 770 Pro na Audio-Technica ATH-M40x.

Ya mgongo wazi ni tamu, lakini inataka utulivu. Ivae kwenye daladala la Mbagala na konda atashinda waimbaji wote, huku abiria wa pembeni akisikiliza wimbo wako bila kuchangia senti. Kama unalala chumba kimoja na wadogo zako, kama jirani ana jenereta, kama mtaani kwenu singeli na mahubiri huanza saa moja, nunua iliyofungwa. Ukiwa na chumba tulivu na mlango unaofungika, ya wazi itakulipa.

Hatua ya 2: Boksi lisikusomee

Kila boksi limeandikwa kwamba hedifoni hutoa sauti kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Huo ndio takriban upeo wa usikivu wa binadamu, tena kijana. Boksi jingine hujigamba kufika 40,000, jambo jema sana kwa popo. Namba hizo hazikuambii kinachohitajika: je, sauti nzito, za kati na nyembamba zimepewa haki sawa, au besi imepewa kiti cha mbele na mwimbaji kasukumwa jikoni?

Bei nayo haijibu swali hilo. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha ulinganisho wa hedifoni zaidi ya 280, na hakuona uhusiano kati ya bei ya dukani na namna hedifoni inavyogawa sauti nzito na nyembamba. Bei kubwa inaweza kununua ngozi laini, chuma imara na jina. Vyote hivyo vina thamani, lakini mizani ya sauti utaipima mwenyewe.

Hatua ya 3: Nenda dukani na nyimbo zako, na usione haya

Iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, muuzaji atakuwekea wimbo wake, wenye besi ya kutikisa meza. Mshukuru, kisha chomeka simu yako.

Anza na taarabu asilia, mathalani rekodi ya Culture Musical Club ya Zanzibar. Sikiliza kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Kila uzi unapodonolewa, ncha ya mdonoo isikike wazi, kisha mlio ufifie taratibu bila kumezwa na unaofuata. Fidla zikipanda juu zisikuchome. Besi ile kubwa ya kusimama ikipigwa, uweze kuimba noti zake. Ukisikia mvumo tu usio na noti, hedifoni hiyo inapiga ngoma ya kwake. Mwimbaji akiingia, sauti yake ikae katikati ya kichwa chako. Ikivutwa upande mmoja muda wote, geuza hedifoni, kushoto kuwa kulia. Ikihamia upande wa pili, kasoro iko kwenye hedifoni, wimbo au simu. Ikibaki palepale, ni sikio lako.

Kisha weka sebene la bendi ya TPOK Jazz. Chagua gitaa moja tu, liwe solo, mi-solo au ridhimu, ulifuate tangu mwanzo hadi mwisho huku mengine yakiendelea kulizunguka. Hedifoni nzuri hukuruhusu kufanya hivyo bila kukunja uso. Mwisho, weka mtu anayeongea, kama msomaji wa habari. Herufi "s" zikikutoboa sikio ndani ya dakika moja, fikiria saa tatu.

Muuzaji akikupa mbili ulinganishe, hakikisha zina kiwango kimoja cha sauti. Sikio hupenda yenye sauti ya juu zaidi hata kama ni mbovu, na wauzaji wazuri wanalijua hilo. Ivae robo saa nzima, pamoja na miwani, kofia au hijabu unayoivaa kila siku. Inayobana dukani haitalegea kwa maombi.

Angalia pia ufeki. Jina kubwa kwa robo ya bei ni ishara tosha. Kagua maandishi yaliyochapwa, bawaba zinapokunjwa, mishono ya pedi, kisha dai risiti na waranti. Muuza halali hakasiriki kuulizwa.

Hatua ya 4: Amplifaya isubiri zamu yake

Ndani ya simu hakuna muziki, kuna namba. Sidii, iliyoingia sokoni mwaka 1982, huhifadhi namba 44,100 kwa kila sekunde kwa kila upande. Kifaa kiitwacho DAC huzigeuza namba kuwa umeme, na amplifaya huupa umeme huo nguvu ya kusukuma spika. Simu yenye tundu la hedifoni inavyo vyote viwili. Ikiwa haina tundu, adapta ndogo ya USB-C inavibeba ndani ya kichwa chake; ya Apple iliuzwa Marekani kwa dola 9 na inafanya kazi hiyo kwa heshima.

Sasa tazama omu, yaani kipimo cha ukinzani wa hedifoni, pamoja na wepesi wake wa kutoa sauti kwa umeme mdogo. MDR-7506 ina omu 63 na ATH-M40x ina omu 35; zote mbili simu inazimudu. HD 600 ina omu 300, na hapo simu nyingi zitahema kabla wimbo haujakolea, hivyo amplifaya ndogo ya mezani ni hitaji la kweli. Kuwa macho na DT 770 Pro: imeuzwa kwa jina hilohilo ikiwa na omu 32, 80 au 250. Mwenye simu tu achukue ya 32.

Waya je? Dhahabu kwenye pini ina faida moja ya hakika: haishiki kutu, na kwa wakazi wa Tanga au Mombasa wenye hewa ya chumvi hilo si dogo. Haiongezi utamu kwenye wimbo. Jambo la kulipia ni waya unaochomoka, kama wa ATH-M40x, ili ukikatika ununue waya badala ya hedifoni. Wa MDR-7506 haujatengenezwa kuchomolewa. Ukifa, mtafute fundi redio.

Hatua ya 5: Lisha hedifoni chakula safi

Hedifoni nzuri husema kweli hata kuhusu faili lako. Kwenye programu ya muziki, ingia kwenye mipangilio uchague ubora wa juu kabisa, kisha pakua nyimbo ukiwa kwenye Wi-Fi bando lisikatike katikati ya kiitikio. Penye sidii halisi, itafute. Santuri alizorekodi mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad kule Bombay kuanzia mwaka 1928 zitabaki na mikwaruzo yake, na hedifoni bora itaionyesha yote. Lakini itakuonyesha pia pumzi ya mwimbaji kati ya mistari, na hiyo ndiyo sababu ya kutumia pesa zako.

Hatua ya 6: Punguza sauti

Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango cha desibeli 80 kisizidi saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi desibeli 90, saa hizo zinashuka kuwa 4 tu. Sikio lililoharibiwa na kelele halirudi lilivyokuwa, na hakuna amplifaya ya kulipatia noti lilizozipoteza. Hapa ndipo hedifoni iliyofungwa vizuri inapolipa gharama yake, kwa sababu kelele za nje zikizuiwa huna haja ya kushindana nazo. Simu nyingi zina mpangilio wa kuweka kikomo cha sauti. Uwashe leo, kabla hujaenda dukani, na umwashie na mwanao.