Vipengele vya Kudumu na Madhila Yake Katika Podikasti

Podikasti, yaani kipindi cha sauti kinachorekodiwa na kuwekwa kwenye intaneti ili kila mtu akisikilize kwa saa anayoitaka mwenyewe, huzaliwa na shauku ya marafiki wawili wenye maikrofoni moja, lakini aghalabu huuawa na vipengele vyake vya kudumu. Kipengele cha kudumu ni sehemu fupi ya kipindi inayorudi katika kila toleo kwa jina lile lile, mahali pale pale na kwa kibwagizo kile kile, yaani kipande cha muziki kinachoitangulia, na faida yake inajulikana: humpa msikilizaji kitu cha kungojea, na humpa mtayarishaji kitu cha kusema hata anapokuwa hana la kusema. Hasara yake hutajwa mara chache, nayo ni kwamba anayetangaza kipengele cha kila wiki amechukua mkopo wa kausha damu, ule wa mtaani unaodai marejesho bila kuuliza kama mkopaji ameuza au hakuuza.

Watangazaji wa zamani wa redio walilifahamu deni hilo na wakajihadhari nalo. Leonard Mambo Mbotela, alipoanzisha nchini Kenya mwaka 1966 kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", alichagua malighafi isiyokauka, kwa kuwa utovu wa adabu wa binadamu haujawahi kuadimika, na kipindi kikadumu kwa zaidi ya nusu karne. Vipindi vya salamu vilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa msikilizaji mwenyewe alinunua kadi, akaijaza majina ya mashemeji, wajomba na majirani wote, akaituma redioni, na kazi ya mtangazaji ikabaki kuvuta pumzi na kusoma. Huko Uingereza nako, kipindi cha BBC kiitwacho Just a Minute, kilichoanza mwaka 1967, humtaka mshiriki azungumze dakika moja bila kusita, bila kurudia neno na bila kutoka nje ya mada, sharti ambalo karibu kila mtu hulivunja, na huko kulivunja ndiko kunakochekesha. Katika mifano yote mitatu, swali la malighafi ya wiki ijayo itatoka wapi lilikuwa na jibu kabla kibwagizo hakijapigwa.

Mtayarishaji wa podikasti hujiuliza swali hilo mwishoni, akiwa amekwisha kumlipa kijana wa studio kwa kibwagizo cha sekunde arobaini cha kutangulia kipengele cha sekunde thelathini. Mfano wa karibu ni "Methali ya Wiki". Mwaka una wiki 52, na ingawa methali za Kiswahili ni nyingi kuliko wiki hizo, mtangazaji wa kawaida akibanwa anazo kichwani kama ishirini, nusu yake zikihusu haraka na subira. Hivyo ikifika katikati ya mwaka, msikilizaji mwenye kumbukumbu huelezwa maana ya tatu ya "haraka haraka haina baraka", inayopingana na zile mbili za kwanza, tena kwa pupa, kwa kuwa umeme umetangazwa kukatika saa kumi.

"Mgeni wa Dakika Tano" ni kipengele kilichonakiliwa kutoka kwa watu wasiosalimiana. Mgeni aliyelelewa vizuri hawezi kujibu swali kabla ya kumshukuru Mungu, kumshukuru mtangazaji, kuwapa wasikilizaji pole ya majukumu na kuwaamkia wakwe, na hapo dakika tano zimekwisha kwa heshima zote. Akiombwa afupishe, husema "kwa kifupi tu", maneno ambayo hutangulia dakika ishirini nyingine, na akifika kwenye "nimalizie kwa kusema", mhariri anaweza kwenda kubandika chai. Kuhariri, yaani kukata na kuunganisha upya sauti iliyorekodiwa, ndiko kunakoleta msiba wenyewe, kwa sababu kitu cha kwanza kukatwa ni salamu, na toleo likitoka, ukoo mzima huizunguka simu, mama mkwe akiwa ameketi mbele kabisa, ili umsikie mkwe wake akitoa jibu kavu kuhusu bei ya mbolea bila hata shikamoo. Vikao vya usuluhishi vinavyofuata vingeepukika kama kipengele kingeitwa "Mgeni", pasipo ahadi yoyote ya dakika.

"Kona ya Msikilizaji" huahidi kujibu maswali yanayotumwa, na katika wiki za mwanzo hayatumwi, hivyo swali huulizwa na "msikilizaji wetu wa Mbagala", ambaye ni mdogo wake mtangazaji aliyebana pua, hila isiyomdanganya mtu, kwa kuwa wasikilizaji wote wa wakati huo ni ndugu na wamekua na pua hiyo. Maswali ya kweli yakianza kuja, huja kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp uliorekodiwa ndani ya daladala, na anayesikika vizuri ni konda.

Malighafi adimu kuliko zote, hata hivyo, huhitajiwa na "Dakika ya Utulivu", kipengele cha tafakuri kinachotayarishwa chini ya paa la bati, kati ya jogoo wa jirani na mashine ya kusaga. Nguo hufyonza mwangwi, yaani sauti inayogonga ukuta na kurudi, na ndiyo sababu mtangazaji hujifungia kabatini katikati ya kanzu na madera, Dar es Salaam, mwezi wa Januari, akiwahimiza wengine wavute pumzi ndefu ambayo yeye mwenyewe haipati. Na mtu akibisha hodi, mtoto humjibu kwa ukweli wote kwamba baba yumo kabatini anaongea peke yake.

Kipengele kikishindikana, mtayarishaji ama hutangaza kukifuta, ama hunyamaza na kuomba asiwepo atakayegundua. Njia zote mbili humtoa mafichoni msikilizaji mmoja, ambaye hakuwahi kutuma swali wala maoni, akiandika kwa uchungu kwamba hicho ndicho kipengele pekee alichokuwa akikifuatilia. Msikilizaji huyo anaombwa atume swali lake sasa, kipengele kikiwa bado hai, na alirekodi akishashuka garini.