Makofi kwa Vibali

Mxiuu! Hebu niwekee kahawa, mwanangu, na kashata mbili. Nimetoka mkutano wa mtaa. Saa mbili nzima juani tunasomewa taarifa: vibali vya ujenzi vimetolewa, viwanja vimepimwa, wawekezaji wanakaribishwa. Makofi! Nikanyoosha mkono: "Mheshimiwa mwenyekiti, humo kodi ya chumba imeandikwa wapi?" Nikajibiwa hilo ni la mwenye nyumba na mpangaji wake. Basi, nikakaa.

Sasa niambieni nyie. Sensa ya 2022 ilihesabu majengo kwa mara ya kwanza nchini, yakapatikana zaidi ya milioni 14. Dar ikakutwa na watu milioni 5.38. Tuliulizwa mpaka paa la bati au la makuti. Lakini yule wa Manzese, chumba kimoja na watoto wanne, anayetakiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo na juu yake mwezi mmoja wa dalali, kwenye taarifa ya leo yumo ukurasa gani?

Na dalali naye, jamani! Anakufungulia mlango dakika tano, anakula mwezi mzima. Bado hela ya kukuzungusha. Uchoke wewe kutembea, alipwe yeye. Zamani ilikuwepo sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya 1984. Ikafutwa 2005, na tangu hapo kila mwenye nyumba ni bunge lake mwenyewe.

Ila linalonisonyesha hasa ni la LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme. Nyumba ya kawaida ilianza na 1,000 kwa mwezi, 2023 ikawa 1,500. Kisheria mdaiwa ni mwenye nyumba. Anayenunua umeme nani? Mpangaji! Tukaambiwa tukamdai mwenye nyumba aturudishie. Haya, kamdai wewe. Ukirudi godoro lako utalikuta barazani.

Mzee hapo ananitolea macho kwa kuwa ana wapangaji. Najua atasema, mbona Magomeni Kota zimejengwa? Zimejengwa, tena nzuri, sibishi. Lakini tuhesabu kama wauza samaki. Kaya 644 za pale zilivunjiwa nyumba, zikatawanyika kupanga huku na kule, na eneo likabaki pori katikati ya mji. 2016 Rais Magufuli akaagiza wajengewe. Maghorofa yakazinduliwa na Rais Samia 2022. Njiani hapo wapo waliozika wazazi wakiwa kwenye vyumba vya watu. Walioondolewa kaya 644, nyumba za kuwarudisha 644. Ukizisoma kwenye karatasi, nyumba mpya 644, piga makofi. Kwa hesabu ya kijiwe hiki, nyumba za watu wa kipato kile zilizoongezeka Magomeni ni ngapi? Sifuri, baba. Kilichoongezeka ni ngazi.

Na hivyo vibali vilivyosomwa leo, pitieni muone vinajenga nini. Fremu za maduka, apatimenti za kupangisha wageni kwa siku, ukuta na geti. Hakuna hata kimoja kilichosema chumba cha muuza genge.

Tia kimoja tena, mwanangu. Hiki atalipa mzee. Akigoma, akitoe kwenye zile hela za LUKU anazodaiwa na wapangaji wake.