Kiti cha Mbele Kisikaliwe

Serikali ya Marekani imeweka utaratibu mzuri wa kuwatia watu hofu kwa barua. Mtengenezaji wa gari akishaiarifu serikali kwamba gari aliloliuza lina kasoro ya kuhatarisha maisha, sheria inampa siku 60 kumwandikia kila mmiliki, na bahasha lazima iseme wazi kwamba humo ndani mna habari za usalama wa gari, isije ikatupwa pamoja na matangazo ya piza. Matengenezo ni bure. Msingi wa mambo haya ni sheria ya mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya Ralph Nader kuchapisha kitabu chake Unsafe at Any Speed na kuwaumbua watengenezaji wa magari hadharani. Nampongeza Nader. Kasoro ni moja tu: barua na spea hazisafiri pamoja.

Barua yangu ilinikuta Houston mwaka 2016, ikihusu pikapu yangu ya mwaka 2005. Kampuni iliyoiunda siitaji, maana bado nategemea kupokelewa simu zangu. Aya ya kwanza ilisema kwamba mfuko wa hewa wa upande wa abiria, ule unaojifutua wakati wa ajali, unaweza kupasuka na kumrushia mtu vipande vya chuma. Aya ya pili ikaniomba nisimkalishe mtu kwenye kiti hicho. Aya ya tatu ikasema spea ya kubadilishia haijapatikana na nitaandikiwa tena. Aya ya nne ikanishukuru kwa uvumilivu wangu, ambao mpaka dakika ile sikuwa nimeanza kuutumia.

Kisa cha mifuko hiyo kilijulikana dunia nzima. Kampuni ya Takata ya Japani ilitumia kemikali ya amonia nitrati kuzalisha gesi inayoujaza mfuko, na kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu huharibika. Badala ya kuufutua mfuko, inapasua chombo chake cha chuma. Nchini Marekani pekee mifuko iliyoitwa irudishwe ilifika takriban milioni 67, na waliouawa wamezidi 20. Hakuna kiwanda kinachoweza kutoa mifuko mingi kiasi hicho kwa mkupuo, hivyo mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, ikagawa nchi kwa kanda kulingana na joto na unyevu. Texas ikawekwa kanda ya kwanza, pamoja na Florida, Louisiana na Hawaii. Nimeishi Houston miaka mingi, shati likinigandia mgongoni kuanzia Mei hadi Oktoba, na hiyo ndiyo mara ya kwanza hali yetu ya hewa kunipatia upendeleo wowote. Upendeleo wenyewe ulikuwa wa kukaa mbele kwenye foleni ya kitu kisichokuwepo.

Nikapiga simu kwa wakala. Muziki, kisha sauti ya kunihakikishia kwamba simu yangu ni muhimu, kisha muziki uleule kuanzia mwanzo. Kijana wa idara ya matengenezo alikuwa na adabu zote. Aliniomba namba ya chasisi, nikamsomea herufi na tarakimu zake zote 17, akazirudia moja baada ya nyingine, akaandika, akanyamaza kidogo.

"Ndiyo bwana, gari lako limo kwenye orodha."

"Najua limo. Nimepata barua."

"Vizuri. Basi utapata barua nyingine."

Mafundi wa kwetu Ilala wana ubaya wao, lakini wao husema njoo kesho, nawe ukienda kesho unapata angalau mtu wa kugombana naye.

Niliposisitiza kwenda mwenyewe, wakanipa kikaratasi cha njano cha kubandika kwenye dashibodi, mbele ya kiti cha abiria: kiti hiki kisikaliwe. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu katika jamii yetu ya kusini-magharibi ya Houston, ambako Watanzania, Wakenya, Wakongomani na Warundi tumepangana kwenye maghorofa mamoja, mwenye pikapu si mmiliki bali ni mtunzaji tu wa mali ya umma. Mikataba ya nyumba huisha mwisho wa mwezi. Kila mwisho wa mwezi kuna mtu anahama, na kila anayehama anakumbuka ghafla kwamba hajanisalimia siku nyingi. Malipo ni sahani ya pilau na dua. Msaidizi wa kubeba hukaa kiti cha mbele, ananielekeza njia na kunisimulia kwa nini anahama.

Sasa msaidizi hana pa kukaa. Sheria ya Texas inakataza mtoto wa chini ya miaka 18 kupanda kwenye bodi iliyo wazi. Mtu mzima haimkatazi. Rafiki yangu mmoja Mkongomani aliposoma kikaratasi alicheka, akarukia nyuma, akalikumbatia friji hadi mwisho wa safari. Kwa mujibu wa barua niliyokuwa nayo mfukoni, yeye pale nje na friji lake alikuwa amefuata maelekezo ya usalama.

Hayo yote niliyamudu. Sikumudu mgeni wa Juni.

Mama mkwe alikuja kutoka Chumbageni, Tanga, kumwona mjukuu. Mke wangu alikuwa kazini na gari letu dogo, kwa hiyo nikaenda kumpokea uwanja wa ndege kwa pikapu, nimeiosha, nimeifukiza na udi. Pikapu yangu ni ya kabini nusu: nyuma ya viti vya mbele kuna viti viwili vidogo vya kukunjua, vinavyotazamana, na anayekaa hapo magoti humfika kidevuni. Mama akatoka na mabegi yake, mkeka wa ukili umefungwa kwa kamba ya katani, baibui limenyooka baada ya safari yote ile. Nikamwamkia, nikapakia mizigo. Akaufungua mlango wa mbele mwenyewe, akaanza kupanda.

"Samahani mama, kiti hicho kimekatazwa."

"Kimekatazwa na nani?"

"Na serikali, mama."

Akakitazama. Kiti kizima, kisafi, mkanda wake upo. "Serikali ya Marekani imekaa kikao ikanifikiria mimi, mtu wa Chumbageni?"

Nikamweleza habari za mfuko, kemikali, joto na vipande vya chuma. Alinisikiliza kwa makini, kisha akauliza swali ambalo hakuna barua hata moja ilikuwa imeniandaa kulijibu.

"Na wa kwako, baba?"

"Wangu hauna tatizo, mama. Ni huu wa abiria tu."

Akatikisa kichwa taratibu. "Hamna neno. Dereva ni muhimu."

Akapanda nyuma. Njia nzima nilimwona kwenye kioo, amekaa upande, mkono mmoja umeshika mkeka, mwingine umeshika dari. Tulipokaribia nyumbani akasema, si kwangu bali kwa mkeka: "Tanga hadi Dar nimekaa vizuri. Dar hadi Doha nimekaa vizuri. Doha hadi Houston nimeletewa na mto. Kufika kwa mkwe ndiyo nakaa kama kuku wa tenga."

Kabla ya Isha Tanga nzima walikuwa na habari. Taarifa iliyowafikia haikutaja Takata wala amonia nitrati. Ilisema kwamba mume wa binti yao ana gari lenye mfuko mmoja mzima na mmoja wa kulipuka, na mzima kajiwekea yeye.

Mke wangu, badala ya kunitetea, aliingia jikoni akacheka mpaka akakaa chini. "Baba Salma," akaniambia, "hili halina barua ya kulifuta."

Mama mwenyewe hakununa. Alilichukua suala mikononi mwake. Aliona ninavyopiga simu akaona mbinu yangu haina mwelekeo. Siku moja akakaanga sambusa, akanitaka nimpeleke huko kwenye spea, naye akapanda kiti chake kidogo cha nyuma bila kuambiwa. Yule kijana wa matengenezo alikula tatu, akaangalia kompyuta kwa moyo ambao sikuwa nimewahi kuuona, akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba spea bado. Tangu siku hiyo nikipiga simu jambo la kwanza anauliza mama hajambo. Spea haikuja, ila foleni ilipata utu.

Ushauri ulitoka kila upande. Binamu yangu wa Dar, fundi, alinitumia ujumbe wa sauti: chomoa mfuko wenyewe, funika na gamba, maisha yaendelee, huku mbona tunaendesha magari yasiyo nao. Nikamjibu kwamba ndani ya mfuko kuna baruti na kwamba yeye ana watoto. Mwingine akaniambia niiuze. Hapo nikagundua jambo la ajabu katika sheria za nchi hii. Tangu Juni 2016 kampuni ya kukodisha yenye magari zaidi ya 35 imekatazwa kumkodishia mtu gari lililoitwa kurekebishwa na halijarekebishwa. Muuza magari yaliyotumika hakukatazwa kukuuzia. Kwa hiyo gari la siku mbili lazima liwe salama, la kukaa nalo miaka kumi ni wewe na bahati yako. Ningeweza kuiuza pikapu kihalali kabisa. Lakini Waswahili wa Houston tunajuana. Angeinunua mtu ambaye Jumamosi ningepanda naye, tena kiti kilekile.

Kwa kulalamika sana nilipata gari la kuazima. Lilikuwa zuri, jipya, lina kila kitu isipokuwa nafasi. Mwisho wa mwezi ule jamaa mmoja alihama na kochi la watu watatu. Tulilizunguka lile gari, tukalipima kwa macho, kisha kwa mikono. Alinitazama kwa huzuni, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani, akaniuliza pikapu itarudi lini. Nikarudisha gari la watu, nikachukua pikapu na kikaratasi chake.

Agosti 2017 kimbunga Harvey kikaizamisha Houston, na utani ukakaa pembeni. Wiki zile hakuna aliyeuliza mfuko wa hewa. Pikapu ilibeba mazulia yaliyolowa na kuta zilizobomolewa kutoka nyumba za watu, na kiti kilichokatazwa kikabeba katoni za maji ya kunywa. Mwaka huo huo Takata ilikuwa imekiri kosa la jinai mahakamani, ikakubali kulipa dola bilioni moja, na mwezi Juni ikaomba ulinzi wa mufilisi. Nilisoma habari hizo nikajiuliza kama kwenye ile bilioni kuna fungu la fidia ya heshima ukweni.

Kwa haki, kuna waliokuwa na hali mbaya kuliko mimi. Wako waliobadilishiwa mfuko kwa mwingine wa aina ileile, mpya tu, kisha wakaambiwa huo nao ni wa muda, watarudi kubadilishiwa tena. Na Januari 2018 Ford iliwaambia wenye pikapu za Ranger za mwaka 2006 wapatao 2,900 waache kuziendesha mara moja, baada ya mtu wa pili kufa. Mwezi uliofuata idadi ikapanda hadi zaidi ya 33,000. Hao hawakuzuiwa kiti. Walizuiwa gari zima. Sikucheka niliposoma habari ile. Nilitoka nje nikakibandika upya kile kikaratasi, maana jua lilikuwa limekikausha gundi.

Barua ya pili ilikuja mwaka huo. Spea ipo, panga miadi. Kazi yenyewe haikufika saa moja. Kahawa ya mapokezi ilikuwa bado ya moto walipoita jina langu. Fundi alinionyesha mfuko wa zamani kwa mbali, ndani ya boksi lenye alama ya vitu vya mlipuko, akaniambia usiguse. Akabandua kile kikaratasi, kikaacha mraba msafi juu ya dashibodi iliyopauka. Sikufika hata barabara kuu, simu ikalia kunitaka niipe huduma yao alama kati ya moja na kumi. Nilimpa yule kijana kumi. Wengine nilisema waniandikie, nitawajibu.

Nikampigia mama mkwe Tanga kumpa habari njema: kiti chake kimefunguliwa, safari ijayo atakaa mbele. Alifurahi, akaniombea dua. Haukupita muda mrefu ikaja bahasha nyingine yenye maandishi yaleyale. Safari hii ni mfuko wa upande wa dereva. Spea hakuna, asante kwa uvumilivu wako. Sikumwambia mama, lakini mke wangu alimwambia, na nilisikia kicheko cha Chumbageni kikitoka kwenye simu iliyokuwa chumba cha pili.

Nawe uliyenunua gari la mkononi hapa Marekani na bado hujabadilisha usajili, tambua kwamba barua hizi hutumwa kwa jina na anwani zilizo kwenye usajili, kwa hiyo yako huenda inasomwa na mtu aliyekuuzia, au haisomwi kabisa. Namba ya chasisi inaonekana chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva, ukisimama nje. Inakili uingize kwenye tovuti ya NHTSA, hawatozi kitu. Wakikwambia gari lako limo na spea bado, subiri, piga simu, peleka sambusa ukiweza, lakini kiti walichokikataza usimkalishe mtu, hata akikununia, na hasa akiwa mkweo.